Nilikwenda kutafuta gome la sukari, mzee akaniuliza nimeota nini

Kwanza niseme nilipoharibu, mengine yatafuata. Saa nane usiku, katika nyumba ya wageni pale Creel, mji mdogo wa milimani kaskazini mwa Meksiko, niliamka nimelowa jasho chapachapa kama mtu aliyemwagiwa ndoo. Nje baridi ilikuwa ya kugonganisha meno. Creel iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na Oktoba kule si mwezi wa mchezo. Mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, ulimi mzito. Nilitaka kumwamsha mwenzangu kitanda cha pili, nikajikuta namwita kwa jina la dada yangu aliyeko Tanga. Akawasha taa, akachukua kipimo changu cha sukari, akanichoma kidole. 48. Kwa vipimo vya kwetu Tanzania ni kama 2.7, sukari imeshuka mno. Alinishika kichwa akaninywesha soda kama mtoto, chupa nzima, akakaa ananitazama mpaka namba ilipovuka 90.

Mezani kulikuwa na glasi yangu, vipande vya gome bado vimelala chini yake.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nahudumia wazee El Paso, Texas, na mwaka wa safari hii, 2023, ulikuwa wangu wa tisa. Kisukari nilikigundua hukuhuku ughaibuni. Nameza vidonge vya aina mbili, metfomini na glipizidi, na kufikia 2023 nilikuwa nimevichoka. Nilikuwa nimechoka na mengi, kusema kweli. Mama alifariki 2021 nikashindwa kwenda kumzika, na tangu hapo usingizi wangu ukawa wa kuibia. Mwenzangu wa zamu, mama wa makamo mwenye asili ya jimbo la Chihuahua, hakuacha kunisifia milima ya kwao: kule wako Watarahumara, wenyewe wanajiita Rarámuri, wale wanaosifika duniani kwa kukimbia masafa marefu, na wana mti kwa kila ugonjwa. Shangazi yake anaishi Creel. Tukaomba likizo ya siku kumi.

Nilisafiri na picha kichwani, na picha hiyo ndiyo iliyonidanganya. Mwaka 2011 nilikuwa bado Tanzania, magari yakipanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, watu wakanywe kikombe cha shilingi 500. Mimi sikwenda, ila niliamini uganga wa mitishamba popote duniani uko hivyo: mzee, sufuria, kikombe, unakunywa, unaondoka.

Tulivuka daraja kwa miguu kuingia Ciudad Juárez, tukapanda basi hadi mji wa Chihuahua, mwendo wa kama saa tano. Tulilala hapo. Asubuhi, kabla ya basi la Creel, mwenzangu akanipeleka sokoni, na hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko yote, tena kabla sijamwona Mrarámuri hata mmoja wa kuzungumza naye.

Kibanda kilijaa mafungu mpaka darini: mizizi, majani, magome, maua makavu. Nikasema neno moja tu, sukari. Muuzaji akanyoosha mkono bila kugeuka akaleta copalquín. Ni gome la mti unaoota chini mabondeni kwenye joto, si huku juu kwenye misonobari. Nje ni la kijivu, ndani linaelekea manjano, na linavunjika kama mdalasini. Uchungu wake! Mwarobaini ungeliamkia shikamoo. Zamani walilitumia zaidi kwa homa, na siku hizi wengi hulinunua kwa ajili ya sukari. Akaniambia nililowanishe majini, ninywe glasi tatu kwa siku, kama maji. Hakuniuliza natumia dawa gani nyingine, nami sikumwambia. Nimefanya kazi na wagonjwa miaka yote hiyo, kila siku nauliza wazee wangu orodha ya dawa zao, halafu yangu mwenyewe nikaificha kwa sababu niliona aibu kuonekana simwamini. Nilinywa glasi mbili siku ile, nikameza vidonge vyangu kama kawaida, na jioni kwa uchovu wa safari nikala tortilla moja.

Daktari kijana wa zahanati, asubuhi yake, hakunigombeza. Alisema watu hufikiri dawa ya mti ama ni ya uongo ama haina madhara, na gome hili si lolote kati ya hayo: linashusha sukari kweli, na Ujerumani wanalitengenezea bidhaa ya kuuza kwa wenye kisukari. Glipizidi nayo inaikamua kongosho itoe insulini hata kama hujala. "Umefunga punda wawili kwenye mkokoteni unaoteremka mlima," akasema. Kwa wanaonisoma Tanzania na Kenya, wengi wenu mnatumia glibenklamidi, ni ukoo uleule. Usichanganye na mti wowote wa sukari, wa kwetu au wa ugenini, mpaka aliyekuandikia vidonge ajue, na kipimo kiwe karibu na kitanda, si kwenye sanduku. Ushauri huo ulinigharimu peso mia chache, soda moja, na hofu ambayo hadi leo ikinijia nawasha taa.

Nilipumzika siku mbili kwa shangazi. Yeye ndiye aliyenifungua macho kwamba nilikuwa nimechanganya vitu vitatu. Yako majani ya nyumbani, ambayo kila mama wa Kirarámuri anayajua kama sisi tunavyojua mchaichai na tangawizi. Iko biashara ya sokoni, ambayo mara nyingi imeshikwa na wasio Rarámuri. Na yuko mganga, owirúame, ambaye si muuza majani hata kidogo. "Ukitaka majani, hapa hapa nje ya nyumba yapo," akasema. "Ukitaka owirúame, lazima uwe na jambo."

Alikuwa na komadre wake, yaani shoga wa udugu wa ubatizo, wa Kirarámuri, familia inayoishi kwenye makazi yaliyotawanyika kando ya barabara ya Guachochi. Tukabeba unga wa mahindi, chumvi, kahawa na sabuni. Niseme hapa kuhusu usalama, maana wengine mtasoma hii mkatamani safari. Milima ile ina makundi yenye silaha. Juni 2022 mapadri wawili wa Kijesuiti waliuawa ndani ya kanisa lao huko Cerocahui. Sisi tulitembea mchana tu, na mtu anayefahamika njiani, na shangazi alipiga simu kuuliza hali ya barabara kabla hatujawasha gari. Asiye na mwenyeji asiende kujitafutia waganga vijijini.

Sasa hodi. Mimi nilishuka garini nikaelekea moja kwa moja uani, mdomo uko tayari kupiga hodi na salamu zangu za Kihispania. Mbwa watatu wakanikabili. Shangazi akanivuta kanga. Kule huendi mlangoni kwa mtu. Unakaa mbali kidogo, kwenye jiwe au gogo, mahali unapoonekana, na unatazama kwingine, kana kwamba umepita tu kupumzika. Mwenye nyumba akiwa tayari atatoka. Tukakaa. Dakika kumi, ishirini. Nilisikia mawe ya kusagia ndani, moshi ukitoka paani, na mtoto akatuchungulia akarudi. Kwa mtu wa pwani, kunyamaza nje ya nyumba ya watu ni kama kuvizia, nikawa sijui mikono niiweke wapi. Mwishowe mama akatoka, sketi pana zimepandana, kitambaa kichwani, akatusalimu kwa kugusisha ncha za vidole. Mimi nikamkamata mkono mzima nikautikisa kwa mtindo wa Tanga. Akaucheka mkono wake, si mimi. Baadaye nilijua neno lao la sisi wote tusio wao: chabochi. Na weusi wangu huu wote nilikuwa chabochi kama Mzungu yeyote.

Siku ile nilijifunza majani zaidi ya niliyojifunza sokoni, na hakuna aliyeniuzia. Mama alichemsha chai ya majani ya laurel ya kwao, ikanukia nyumba nzima. Nyingine ni yerbanís, ina utamu wa harufu unaokaribia shamari. Ningeweza kuinywa kila jioni na maandazi. Kwa kikohozi na tumbo akanionyesha chuchupate, wao wanauita wasía, mzizi mweusi wenye manyoya unaonuka kama figili ya supu ila mara kumi. Unatafuna kipande kidogo, ulimi unakufa ganzi kiasi. Nikataka kwenda kuchimba wangu. Akakataa, na sababu zilikuwa mbili. Ukiuchimba mzizi, umeua mmea, na wanunuzi wa mjini wamekwisha kuumaliza sehemu nyingi. La pili ni kwamba majani yake yanafanana na ya ukoo wa cicuta, ambayo ni sumu ya kuua, na huota sehemu zenye unyevunyevu vilevile. Yeye hunusa, hukata, hutazama, na bado akiwa na shaka huacha. Mimi niliyeujua mzizi kwa dakika kumi nilikuwa nataka jembe.

Kwa maumivu ya viungo wana táscate, mti wa jamii ya mireteni. Mawe yanapashwa moto, matawi yanawekwa, unafunikwa blanketi. Nilipoona nikacheka peke yangu, kwa kuwa hapo hakuna haja ya mkalimani: ni kupiga nyungu tu. Niliingia. Nilitoka magoti mepesi na macho mekundu.

Kuhusu owirúame, tuliharibu mapema. Mwenzangu, kwa utani wa kimjini, alimuuliza binti wa nyumba, "Yule brujo anakaa mbali?" Brujo ni mchawi. Binti akanyamaza, akainama kuchota maji. Mtu wa kwetu anaelewa haraka tofauti ya mganga na mchawi, nao wana maneno mawili: owirúame anaponya, sukurúame anadhuru. Kumwita wa kwanza kwa jina la wa pili ni tusi, na kule ni tuhuma inayoweza kuvunja udugu. Tukaomba radhi. Ilichukua siku mbili nyingine kabla hatujaambiwa mzee yuko tayari kutuona. Siku mbili hizo nilikuwa nahesabu likizo yangu kwa vidole, na kila mtu aliona nahesabu.

Mzee alikuja jioni, kandambili za matairi miguuni, kofia mkononi. Hajui Kihispania cha kutosha. Mimi nasema kwa Kihispania changu cha kazini, mwenzangu ananinyoosha, binti anapeleka kwa Kirarámuri, jibu linarudi njia ileile likiwa limepungua. Nikaanza na sukari, namba, vidonge, miaka. Alisikiliza akiangalia moto. Kisha akauliza swali moja: umeota nini?

Nilidhani tafsiri imekosea. Nikarudia sukari. Akarudia swali.

Nikamwambia. Naota niko stendi, nimechelewa, basi linaondoka, na mama yumo ndani ananipungia kanga dirishani. Karibu kila wiki. Akauliza basi lilikuwa linaelekea wapi, kama palikuwa na maji karibu, kama mama alisema neno. Hakuna daktari aliyewahi kuniuliza mambo hayo, na sikujua kama nayakumbuka hadi nilipojisikia nayajibu.

Binti alitufafanulia usiku ule. Mwili kwao ni nyumba ya roho zaidi ya moja. Mwanamume anahesabiwa tatu, mwanamke nne. (Mwenzangu akasema ndiyo maana sisi tunachoka zaidi.) Roho hutoka mtu akilala, na ndoto ni yale inayoyaona huko. Ikishtuka, au ikinaswa, kwa mfano na viumbe wa majini, isiporudi mwili unaanza kudhoofika. Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa habari za viumbe wa majini mara mbili. Kazi ya owirúame ni kulala: roho yake inakwenda kutafuta ile iliyopotea. Na hawatibu wagonjwa tu, huwaganga pia wazima, mifugo na mashamba ya mahindi, kwa sababu wanasema ni upuuzi kungoja mpaka kitu kiharibike.

Kwa hiyo nilipotoa pesa usiku ule na kuuliza bei, nilikuwa nampa mtu mshahara wa kazi ambayo hajailala bado. Hakuzipokea. Nilipotoa simu nipige picha ya mikono yake, binti aliushusha mkono wangu polepole bila kusema. Nimeorodhesha aibu zangu zote ili wewe usinunue zilezile.

Asubuhi mzee alirudi. Palikuwa na msalaba mdogo wa mti, na vibakuli vya maji yenye dawa. Safari hii sikuona aibu: nikauliza ndani mna nini, nikasema vidonge vyangu, nikasema usiku wa 48. Binti akapeleka. Mzee akacheka, akasema ni táscate na mezcal iliyopondwa. Nikashtuka nikidhani pombe, kumbe ni mkonge wa porini tu, jamii ya ile katani iliyojaa kwetu Tanga. Ugonjwa wa sukari, akasema, ni wa daktari, niendelee na vidonge. Alizungusha msalaba juu ya kichwa changu mara nne, akaninyunyizia, nikanywa mafunda manne. Yote hayakuzidi nusu saa.

Baadaye majirani wakakusanyika kwa tesgüino. Ni kimea cha mahindi kilichochachuka, kizito, kwa macho ni togwa, kwa kichwa si togwa. Kwanza kinatolewa kwa Onorúame, Baba aliye juu, kinamwagwa kidogo pande nne, ndipo watu wanywe. Mimi ni Mwislamu, sinywi, na nilikuwa nimeogopa saa hiyo tangu El Paso. Shangazi alikuwa amenifundisha: usikatae kibuyu. Kipokee kwa mikono miwili, shukuru, matétera ba, kisha mpe aliye karibu. Kikapita. Hakuna aliyenuna. Mwaka ule mvua zilikuwa zimegoma, mahindi yalikuwa machache, na bado kibuyu kilinifikia mara sita.

Kitu kimoja nisikiruke. Nyumba ya wageni Creel tuliwakuta vijana wawili wageni wakitafuta mtu wa kuwapa jíkuri, yaani peyote. Haioti kwenye milima ile. Huletwa kutoka jangwani mashariki, hukua kwa miaka mingi, na inalindwa na sheria ya Meksiko. Kwa Rarámuri ina mganga wake maalumu na usiku wake maalumu, na watu wanaiogopa: ukiigusa ovyo, una deni nayo. Binti wa nyumba alipoiongelea alishusha sauti. Anayekuuzia mtalii barabarani hakuuzii uganga, anakuuzia kesi.

Mpakani nilitangaza kila nilichobeba. Majani makavu ya chai yakakaguliwa yakapita, mzizi wa chuchupate alionipa yule mama ukachukuliwa kwa sababu ulikuwa na udongo. Ningejua ningeusugua, au ningeuacha. Gome la copalquín nilimpelekea daktari wangu kwenye mfuko wa plastiki, akalinusa, akaliandika kwenye faili langu.

Safari yote ilinila kama dola 700, bila kuhesabu siku kumi zisizo na mshahara. Sukari yangu haikubadilika kwa ile asubuhi ya mafunda manne, wala hakuna aliyeniahidi kwamba itabadilika. Usingizi umerudi kiasi. Sijui nimshukuru nani kwa hilo, mzee, milima, au kule kutamka habari za basi mbele ya watu. Desemba nilipiga simu kwa dada, nikamwambia nitakuja kuzuru kaburi baada ya Ramadhani, akalia, nami nikalia, tukaanza kubishana nauli.

Malipo ya mzee, tulivyokubaliana, yangetolewa nikishaona nafuu. Januari shangazi alipeleka gunia la mahindi kwa niaba yangu. Binti akatuma ujumbe wa sauti. Kwanza mbwa wanabweka, halafu anasema gunia limefika, na mzee anauliza kama yule mwanamke wa pwani amelipanda lile basi.